Mwalimu Fasola na Masikio ya Makamu

Siku ya kwanza ya somo la muziki, Mwalimu Fasola hakufundisha kitu chochote kizuri, na alifanya hivyo kwa makusudi. Aliwagawia wanafunzi wapya filimbi za plastiki, zikiwa bado zinanukia sabuni aliyoziogeshea kwenye beseni asubuhi ile, akasimama mbele ya ubao, akafumba macho kama mtu anayengoja kumwagiwa maji ya baridi, kisha akasema:

"Leo tunapiga vibaya. Ruhusa mnayo. Toeni ubaya wote mlio nao, usibaki hata wa akiba. Moja, mbili..."

Tatu haikusikika. Darasa zima lilipuliza kwa mapafu yote waliyojaliwa, na sauti iliyotoka mle ilikuwa kama ya kuku wa mtaa mzima walioonyeshwa kisu kwa pamoja. Kioo cha dirisha chenye ufa kilitetemeka. Mbwa mmoja nje ya ukuta alianza kubweka, akatafakari, akanyamaza. Watoto wenyewe, wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, walicheka hadi pumzi za kupuliza zikawaishia, wakapumzika, wakaanza upya.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliyesimama hapo alikuwa makamu wa mkuu wa shule, mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili, chaki mkononi na vumbi lake juu ya tai.

"Nani ameumia?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Hakuna aliyeumia, Makamu. Tunaanza."

"Umesemaje?"

"Nasema tunaanza muziki!"

Makamu aliwatazama watoto benchi kwa benchi, akaweka kidole mdomoni, akatoa "Shiii!" ndefu iliyoacha mate hewani, akaondoka. Ni hiyo shiii iliyompa jina. Shule nzima, isipokuwa yeye mwenyewe, ilimwita Bwana Shii.

Jina la Fasola nalo lilikuwa la kubandikwa. Wanafunzi wa miaka ya nyuma walimpa kwa sababu alikuwa akipita kwenye baraza za shule akijiimbia fa-so-la kwa sauti ya chini, na jina likamganda hata mume wake, fundi rangi, akawa halikumbuki lile la kwanza ila kwa kufikiri. Alikuwa mama mfupi aliyekwisha kuivuka hamsini, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Wenzake aliosoma nao chuo walikuwa na kwaya kubwa na bendi zenye sare. Yeye hakuomba kamwe kuondolewa kwa wanaoanza. "Wanaojua wana kiburi," alikuwa akisema. "Wanaoanza wote ni wabovu sawasawa. Hapo ndipo penye amani."

Kitu kimoja tu hakikuwahi kukua ndani yake: utundu. Mwili ulizeeka, utundu ukabaki na miaka tisa. Ni yeye aliyemwambia mwalimu mpya wa jiografia kwamba katika shule ile desturi ni kugonga mlango wa Mkuu mara mbili, kukohoa, ndipo uingie. Kijana wa watu alikohoa muhula mzima, hadi Mkuu, mama mpole asiyependa ugomvi, akamwandalia dawa ya kifua.

Chumba cha muziki kilikuwa zamani stoo ya vifaa vya sayansi. Bado kulikuwa na kabati lililonuka dawa, na sinki isiyotoa maji. Kati ya chumba hicho na darasa la Makamu hapakuwa na ukuta wa maana, bali ubao mwembamba uliopigwa misumari, wenye nyufa ambazo upande mmoja zilipitisha mwanga na upande wa pili zilipitisha hesabu. Ukikaa benchi la mwisho la muziki ungeweza kujifunza sehemu na desimali bila kutaka.

Makamu alilalamika tangu wiki ile ya kwanza. Filimbi, alisema, zinampigia miluzi masikioni hadi anaporudi nyumbani. Alilalamika Jumatatu, siku ya muziki. Alilalamika Jumanne. Alilalamika hata Jumatano, siku ambayo chumba cha muziki kilikuwa kimefungwa na Mwalimu Fasola mwenyewe alikuwa uwanjani akisimamia mbio za magunia.

"Makamu, leo sikuwa na kipindi," alimwambia.

"Umesemaje?"

"Leo hapakuwa na muziki!"

"Usinifanye mtoto, Mwalimu. Nimezisikia kwa masikio yangu."

Mwalimu Fasola akaona basi, huyu ameamua tu kumchukia. Jambo likafika kwenye kikao cha walimu, na Mkuu, kwa ule upole wake wa kumridhisha kila mtu na kutomsaidia yeyote, akaamua kwamba wakati wa hesabu filimbi zisipulizwe. Muziki ufundishwe, ndiyo, lakini usisikike.

Usisikike! Mwalimu Fasola alirudi chumbani kwake akaketi juu ya meza, miguu ikining'inia. Kisha akaona liwalo na liwe. Akawafundisha watoto kuweka filimbi kidevuni badala ya mdomoni na kuchezesha vidole tu. Mkono wa kushoto juu, dole gumba likiziba tundu la nyuma, kidole cha kwanza: ti. Ongeza cha pili: la. Ongeza cha tatu: so. Hakuna sauti, ila tapu, tapu ya vidole kwenye plastiki, kama mvua changa inayosita.

"Nionyesheni mihuri!" alisema kila baada ya zoezi, nao walinyoosha mikono. Aliyeziba matundu sawasawa alikuwa na duara dogo jekundu kwenye ncha ya kila kidole. Aliyezembea hakuwa nalo, na hapakuwa na njia ya kudanganya, ingawa mmoja alijaribu kalamu nyekundu.

Watoto walivumilia kwa muda, kisha wakachoka. Msemaji wao alikuwa msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, aliyeitwa Wakili kwa sababu hakuwahi kupewa adhabu bila kukata rufaa. Alisimama.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Hii ni sawa na kufundishwa kuogelea juu ya mkeka."

"Aliyeogelea vizuri juu ya mkeka hajazama bado," alijibu Mwalimu Fasola. Lakini moyoni alijua mtoto amesema kweli.

Wakati huohuo watoto walikuwa wakipika lao.

Siku moja Makamu aliitwa kwenye mkutano nje ya shule, na darasa lake la hesabu likapelekwa maktaba. Mwalimu Fasola aliingia akisugua viganja. "Leo paka hayupo! Filimbi mdomoni. Ti, ti, la, la, so, mara nne. Pulizeni mpaka kabati lisikie. Moja, mbili, tatu!"

Aliinua mikono, akaishusha, na watoto wakaanza. Mashavu yalijaa. Vidole vilipanda na kushuka. Mabega yaliyumba kushoto na kulia kama ya wanamuziki wa hoteli. Na hapakutoka hata nukta ya sauti.

Mwalimu Fasola alibaki na mikono hewani. Alisikia pikipiki barabarani. Alisikia ndege kwenye bati. Kwa hiyo masikio ni mazima, alijiambia. Wabovu ni hawa. Aliwatazama. Nyuso zao zilikuwa nzito kama za watu wanaoapishwa, isipokuwa Wakili, ambaye mshipa wa shingo ulikuwa ukimcheza kwa kicheko alichokimeza.

Mwalimu mwingine angegonga meza. Yeye aliendelea kuongoza kama vile hakuna lililotokea, akifumba macho kwa utamu, akitikisa kichwa. Kisha ghafla akanyoosha kidole.

"Wewe wa dirishani! Umechelewa kwenye la."

"Samahani, Mwalimu," alisema mvulana wa dirishani kwa hofu.

Kimya kikashuka, safari hii cha kweli. Mvulana alitoa filimbi mdomoni akaiangalia. Alikuwa ameomba radhi kwa noti ambayo hakuipiga. Darasa likalipuka. Walipiga madawati, walilaliana mabegani, Wakili akaketi sakafuni kabisa. Mwalimu Fasola alingoja watulie, kisha akafungua mdomo na kuwapa karipio refu, lenye kidole na kichwa na macho ya ukali, bila kutoa sauti hata kidogo. Midomo tu. Wakamwelewa papo hapo, wakamjibu vivyo hivyo. Yule wa dirishani akasimama akatoa utetezi wake kwa midomo, mkono kifuani. Somo likaendelea hivyo, filimbi bubu, mwalimu bubu, wanafunzi bubu, kila mtu akiwa na shughuli nyingi mno.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mkutano wa Makamu ulikuwa umeahirishwa.

Sasa, mtu mwenye akili zake, mwenye mume na watoto wakubwa waliooa na kuolewa, angesema kwa sauti, "Karibu, Makamu," na mambo yangeishia hapo. Mwalimu Fasola alikuwa na nafasi hiyo. Hata yeye baadaye alikiri kwamba alikuwa nayo. Lakini utundu ulimtoka kama chafya. Alimgeukia Makamu, akatabasamu kwa adabu zote, na midomo yake ikasema "Karibu, Makamu" pasipo sauti.

Watoto hawakuhitaji kufunzwa. Walisimama wote kwa pamoja, wakamwamkia kwa midomo, wakaketi, wakarudisha filimbi mdomoni na kuendelea kupiga wimbo usiokuwepo.

"Mnasemaje?" aliuliza Makamu.

Mwalimu Fasola akamweleza kwa kirefu, mikono ikisaidia, akionyesha ubao, akionyesha filimbi. Wakili akanyoosha mkono, akaruhusiwa, akauliza swali. Mwalimu akalijibu. Darasa likaonekana kucheka kwa jibu hilo.

Makamu aliingiza kidole kwenye sikio la kulia akakizungusha. Akahamia la kushoto. Kisha akagonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole, taratibu, akiinamisha kichwa kama anayesubiri kufunguliwa. Akagonga tena. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa na mikunjo ya amri, ulilegea. Alirudi kinyumenyume akaufunga mlango polepole, kama unavyofungwa wa chumba cha mgonjwa.

Waliokuwa na nafasi chini ya madawati walikwenda kucheka huko. Mwalimu Fasola alicheka ndani ya kabati.

Jioni alimsimulia mume wake, akiigiza pande zote. Mume wake alikuwa akiloweka brashi zake kwenye kopo, na mwanzo alicheka hadi akalimwaga. Kisha akawa anaipangusa sakafu.

"Mama watoto, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Usaha gani? Yule mtu ni ukuta."

"Ukuta gani unaogonga mlango kujisikiliza? Mtu asiye na wasiwasi na masikio yake angesema, ninyi watoto mnanichezea. Yeye hakusema. Kwa nini?"

Mwalimu Fasola alimwambia rangi imeingia chini ya jokofu.

Siku zilizofuata hakukuwa na shiii. Wiki ilianza bila shiii, na mwanzoni watoto walifurahi, kisha wakaanza kuitafuta. Makamu alipita barazani kimya, akitazama midomo ya watu. Walimu walipomwamkia kwa nyuma hakugeuka. Walipomwamkia kwa mbele aliitikia kabla hawajamaliza, ili asije akakosea. Kupitia ufa wa ubao, Mwalimu Fasola alimwona akiwa peke yake darasani akiweka saa yake ya mkononi kwenye sikio moja, akiihamishia kwenye la pili, akiirudisha. Wanafunzi wake wa hesabu hawakuulizwa tena kwa mdomo. Waliandika majibu ubaoni. Na siku moja hakuja kabisa. Mkuu akasema amekwenda hospitali.

 Mwalimu Fasola alifundisha kipindi chake akikosea wimbo wa noti tatu.

Baada ya kipindi Wakili alibaki nyuma, mikono mgongoni.

"Mwalimu, darasa limekaa kikao. Tumeona kuna haja ya mtu kwenda kumwambia Makamu ukweli."

"Vizuri sana. Nani mmemchagua?"

"Wewe."

"Mimi peke yangu? Na ninyi mliokuwa mnajaza mashavu?"

"Sisi ni watoto, Mwalimu," alisema Wakili kwa huzuni ya kisheria. "Tulikuwa tunamfuata mtu mzima."

Aliporudi Makamu, Mwalimu Fasola hakutaka kujipa muda wa kuogopa. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwake, chumba kidogo chenye ratiba zilizobandikwa kwa mistari iliyonyooka kama rula. Makamu alikuwa amempa mgongo, anapanga mafaili. Mwalimu Fasola akaona afadhali hivyo, mgongo hauna macho. Alisimama mlangoni akalitapika lote: filimbi bubu, midomo, kicheko cha kabatini, jinsi alivyomwona na saa, jinsi alivyokosa usingizi. Alisema yeye ni mtu mzima ovyo. Alisema anaomba radhi kwa moyo wake wote. Machozi yalimlengalenga, sauti ikakatika mahali panapofaa.

Makamu akageuka akamwona, akashtuka. Akaingiza vidole masikioni akatoa vipande viwili vya pamba.

"Ah, Mwalimu. Umesemaje?"

Maungamo ya pili hayakuwa na uzuri wa yale ya kwanza. Alijikwaa, akaanzia katikati, akasahau kabati akalazimika kulirudia. Makamu alimsikiliza bila kukatiza. Alizikunja zile pamba, akazifungua, akazikunja tena.

"Kwa hiyo hamkuwa mnatoa sauti."

"Hatukuwa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Makamu alivuta kiti akaketi. Alipozungumza, Mwalimu Fasola aligundua kwamba hapigi kelele. Alikuwa na sauti ya chini, nzuri kidogo, ambayo hakuna mtu shuleni aliyewahi kukutana nayo.

"Baba yangu aliziba masikio akiwa na umri huu wangu," alisema. "Mwisho wake alikuwa anakaa nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni. Sisi tunacheka, yeye anacheka baada yetu, hajui kinachochekesha. Mimi nikaanza kusikia miluzi, na watu wakaanza kuongea kama wamefunikwa blanketi. Nikajua ni zamu yangu. Hospitali sikwenda, niliogopa kuambiwa. Nikasema ni filimbi zako. Jumapili pia nilikuwa nazisikia, Mwalimu. Nikafikiri unakuja shuleni kwa siri kunikomoa."

"Jumapili!"

"Ndiyo maana uliponifungulia mdomo na sauti isitoke, nikasema basi, imekwisha. Kesho yake nikatafuta daktari, maana sikuwa na cha kuogopa tena. Daktari akachungulia, akaita mwenzake. Huyo mwenzake akaita wa tatu."

"Wakaona nini?"

Makamu alitazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe pamoja, Mwalimu Fasola alimwona akiona haya.

"Nta," alisema. "Ya miaka. Wamenitolea kipande ungeweza kukitia utambi ukasomea. Masikio yangu ni mazima kama ya mtoto."

Mwalimu Fasola aliuma mdomo. Aliuma sana. Makamu aliona anavyouma, akatikisa kichwa, na wote wawili wakashindwa kwa wakati mmoja. Katibu wa shule alikuja kuchungulia kujua nani anacheka humo, akaona asiulize.

"Nimekusamehe," alisema Makamu akijifuta macho. "Lakini nina neno moja. Leo asubuhi, kabla ya hesabu kuanza, nimepita mlangoni kwako wakati darasa linapuliza. Zamani nilikuwa nasikia miluzi tu. Leo nimesikia kila kitu, ndipo nikaziba pamba. Mwalimu, ni vibaya kuliko nilivyodhani!"

Sheria ya kutosikika iliondolewa kwenye kikao kilichofuata, na aliyeiondoa ni Makamu mwenyewe. Lakini masikio mapya yalileta taabu zake. Alisikia minong'ono ya benchi la mwisho. Alisikia karatasi ya peremende ikifunguliwa ghorofa ya juu. Siku moja alisimama katikati ya uwanja, akageuka polepole kuelekea kundi lililokuwa mbali kwenye bomba la maji, akauliza, "Nani ameniita Bwana Shii?" Kundi lilitawanyika kama lililomwagiwa maji ya moto, na jina hilo likafa siku ile, kwa sababu za kiusalama.

Na muziki, ah! Kila kipindi chake cha mapumziko alikuja kuegemea mlango wa chumba cha muziki, akikunja uso.

"Yule wa tatu anapuliza kwa nguvu mno."

"Ninajua, Makamu."

"Na huyu so yake si so."

"Ninajua, Makamu."

"Mbona hawaanzi pamoja?"

Mwalimu Fasola alivumilia, akavumilia, mwisho akaenda kabatini akachukua filimbi moja, akaipangusa kwenye sketi, akamwekea mkononi. "Benchi la pili lina nafasi. Kaa."

Watoto walishikilia pumzi. Makamu aliitazama ile filimbi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. Kisha, bila kujua ni kwa nini, au akijua, alikwenda akaketi. Magoti yake yalifika kwenye ubavu wa dawati. Akapewa Wakili kuwa mwalimu wake.

Alikuwa mbovu kupita mfano. Vidole vyake vilikuwa vinene, vikiziba tundu moja na kufungua jingine. Alihesabu mapigo kwa sauti, akasahau kwamba anayehesabu hawezi kupuliza. Alipopuliza, ilitoka sauti iliyomfanya yeye mwenyewe aruke, kwa sababu sasa alikuwa na masikio ya kuisikia.

"Puliza kama unapoza chai, Makamu," Wakili alimwambia kwa subira. "Wewe unapuliza kama unazima nyumba inayoungua."

"Hivi?"

"Hiyo bado ni nyumba. Chai."

Wiki zilipita. Aliyeapa kwamba sehemu na desimali haziwezi kumshinda mtoto yeyote mwenye bidii aligundua kwamba bidii anayo na bado la inamshinda. Wanafunzi wa hesabu walianza kusema kwamba siku hizi akiwaeleza jambo wakashindwa kulielewa, halirudii kwa ukali, analirudia tu. Siku mihuri yake mitatu ilipotokea vidoleni, myekundu na kamili, alizunguka nayo ofisi ya walimu akimwonyesha hata mwalimu wa jiografia.

Siku ya wazazi ilipokaribia, alimfuata Mwalimu Fasola pembeni.

"Nimefikiri. Nitakaa pamoja nao, nitashika filimbi, nitachezesha vidole. Lakini sitapuliza. Nisije nikawaharibia watoto."

Mwalimu Fasola alivua miwani, jambo alilolifanya mara chache.

"Nilipokuwa na umri wa watoto hawa, mwalimu wetu wa kwaya alinisikiliza mara moja akaniambia, wewe binti fungua mdomo tu, sauti waachie wenzako. Nikafungua mdomo. Nilisimama mstari wa mbele na gauni langu jeupe, watu wakinipigia makofi, na sikuwahi kutoa sauti mpaka nikamaliza shule. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani, mwanangu anaimba. Sikuwahi kumwambia." Alirudisha miwani puani. "Utapuliza, Makamu. Vibaya, vizuri, utapuliza."

Makamu hakusema umesemaje. Alikuwa amesikia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Fundi rangi aliketi safu ya mbele akiwa na shati safi na ukucha mmoja wa kijani. Wanafunzi walipanda jukwaani na filimbi zao, na katikati yao, kama mnara uliojengwa kwa makosa kwenye uwanja wa mpira, Makamu. Minong'ono ilipita kwa wazazi. Mwalimu Fasola aliinua mikono. Wimbo ulikuwa wake, mfupi, wa noti tatu, aliokuwa ameutunga akiosha vyombo. Aliangalia huku na huku kuhakikisha wote wako tayari, akavuta pumzi ili ahesabu moja.

Makamu akaanza.

Alikuwa amekariri kila kitu ila kumsubiri mtu. Aliingia peke yake, jicho likiwa limekodolea ukuta wa nyuma, jasho kwenye paji, akipoza chai kwa uangalifu mkubwa. Ti, ti, la, la, so. Watoto walitazamana, Wakili akainua mabega kama kuuliza tufanyeje sasa, na Mwalimu Fasola akashusha mikono wakaingia nyuma yake. Ikawa nyimbo mbili zinazofukuzana, yake mbele, yao nyuma, na cha ajabu ni kwamba katika kufukuzana huko zilipatana. Mzazi mmoja alisema baadaye hajawahi kusikia utunzi wa werevu namna ile kwa watoto wadogo.

Makamu alimaliza kwanza. Aliishusha filimbi akaiweka tumboni kwa kuridhika, ndipo akagundua kwamba wenzake bado wanaendelea. Alisubiri hadi noti ya mwisho, akamwinamia Wakili, na kwa kuwa mazoea ya zamani hayafi mara moja, alinong'ona kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Mbona ninyi mmechelewa?"

Ukumbi haukuweza kujizuia. Mkuu alicheka akaficha uso kwa leso. Fundi rangi alisimama akapiga makofi juu ya kichwa. Makamu hakuelewa kwanza, kisha akaelewa, akaona haya hadi kwenye yale masikio yake mazima, halafu akainama kwa heshima, mkono kifuani, kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Mwalimu Fasola, akiwa amewapa wazazi mgongo, alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na watoto peke yao ndio waliomwona.

Mwaka uliofuata, wale watoto walipandishwa kwenye kundi la pili la muziki, la wanaojua. Makamu alikuja na filimbi yake, ameitengenezea mfuko wa kitambaa, akataka kupanda nao. Mwalimu Fasola akakataa katakata. Wakili alimkatia rufaa: alitaja umri wa mteja wake, bidii yake, na mihuri mitatu. Rufaa ikasikilizwa kwa makini ikatupiliwa mbali, kwa kuwa mteja bado hangoji moja.

Akarudishwa kwa wapya. Alichagua benchi la mbele, na waliokaa nyuma yake wakalalamika hadi mwisho wa mwaka kwamba hawaoni ubao.